Jozi Arobaini na Tatu za Nesa

Asubuhi ile theluji ilipotuvamia katikati ya Septemba, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kugonga mlango wa Nesa Denoth. Nilikwenda mikono mitupu, nimejaa aibu, nikihema kama mtu aliyekimbizwa na fahali. Lakini ngoja kwanza niwaambie Nesa ni nani, maana asiyemjua hataelewa kwa nini kijiji kizima kilikuwa kinanifuata nyuma.

Nesa ni binamu yangu upande wa mama. Amezaliwa hapa hapa kijijini Sursaint, kwenye nyumba ya mawe iliyo chini ya kanisa, na sidhani kama amewahi kulala nje ya bonde hili zaidi ya wiki mbili mfululizo. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kutunza jengo la shule: kufagia, kuwasha tanuri, kuondoa theluji mlangoni kabla walimu hawajafika. Ila ujanani alijifunza ufundi kwa mzee mmoja aliyeshona matandiko ya farasi, na tangu hapo mikono yake haikutaka kuachana na sindano, ngozi na gundi.

Kwetu, mtu akitaka kupanda mlima wakati wa baridi huvaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, na kubandika chini yake ngozi za kupandia. Ni tepe mbili ndefu. Upande mmoja una manyoya mafupi ya mbuzi yaliyolala kuelekea nyuma, upande wa pili una gundi. Skii ikienda mbele inateleza. Ikitaka kurudi nyuma, manyoya yanasimama na kuikamata. Ukifika juu unabandua, unakunja, unazitia kifuani chini ya koti zisigande, halafu unashuka mbio huku umefurahi. Taabu huja mwezi wa tano, theluji ikishayeyuka, kila mtu anapozitupa ngozi zake mahali asipopakumbuka.

Nesa alianza na jozi moja tu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mwongoza wageni mlimani alimpita pale shuleni akielekea kwenye pipa la taka, ameshika ngozi zilizogandamana kama unga wa chapati uliosahauliwa. Nesa akaziomba. Akakaa nazo siku tatu. Aliweka karatasi ya kaki juu ya gundi mbovu, akapitisha pasi ya vuguvugu, akavuta karatasi pamoja na gundi yote, nywele, vumbi na majani ya misonobari yakiwa yamenasa humo. Akapaka gundi mpya, tabaka jembamba, akaiacha ikauke usiku kucha, akapaka tena. Jumamosi mwongoza wageni akazipeleka mlimani, na Jumapili akamletea jozi nyingine nne za wenzake.

Basi ikawa hivyo miaka thelathini na mitano. Kila mwezi wa tano watu walimpelekea ngozi zao, naye akawa na sheria zake, hakuna aliyeruhusiwa kuzijadili. Ngozi ikauke kwanza kwenye kamba ya ukumbini, penye upepo na kivuli. Si juani wala si karibu na jiko, maana joto huifanya gundi ilie na kuhamia kwenye skii. Ichanwe manyoya. Iokotwe uchafu mmoja mmoja. Kisha iwekewe wavu mwembamba katikati, gundi isiung'ang'anie upande wa pili kwa miezi mitano, ikunjwe, itiwe kwenye mfuko wa kitambaa, ifungwe kibandiko chenye jina. Halafu chini, kwenye stoo yake iliyochongwa ubavuni mwa mwamba, kavu, baridi ile ile kiangazi chote. Mifuko ilining'inia kwenye waya kama soseji, panya asiifikie. Na kila Julai alishuka na kigoda, akafungua mmoja baada ya mwingine, akainusa gundi, akaigusa kwa kidole cha shahada, akafunga tena.

Watu walimcheka. Mwenye kelele zaidi alikuwa Balser, mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ambaye hata mezani huongea kana kwamba uko ng'ambo ya bonde.

Siku moja alichungulia stooni akasema, "Nesa, hizi si mapaja ya nguruwe ya kukausha. Unazitundika ili iweje, tutazila Krismasi?"

Nesa hakugeuka. "Zako utazila wewe, Balser. Hazitafaa kwa jambo lingine."

Balser alitundika zake kwenye msumari ndani ya banda la trekta, ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi. Na mimi, ambaye ningeweza kumpelekea binamu yangu bila hata kuvaa kofia, niliziacha zangu kwenye sanduku la chini la basi la posta ninaloendesha, pamoja na minyororo ya matairi na kopo la mafuta. Nilijiambia ni miezi michache tu.

Mwaka ninaousimulia, tulipanga kuteremsha ng'ombe kutoka Salvadra siku ya Jumamosi. Salvadra ndiyo malisho yetu ya kiangazi, juu kabisa, ambako miti imeshakoma. Ng'ombe sitini na wanane walikuwa huko, pamoja na Madlaina, mtengeneza jibini wetu, na mumewe Riet, mchungaji. Maua ya kuwavika ng'ombe yalikuwa yamekwisha kufungwa, kengele kubwa zimesuguliwa zikang'aa. Redio ilisema kutakuwa na theluji kidogo kwenye vilele. Jumatano jioni mvua ikaanza. Usiku ikanyamaza, na sisi tunaoishi milimani tunajua mvua ikinyamaza ghafla hivyo maana yake nini, ila tulikuwa tumelala.

Alfajiri ya Alhamisi nilifungua mlango wangu na theluji ikaniangukia miguuni. Ilifika gotini pale kijijini, na ilikuwa bado inamwagika, nzito kama manyoya ya mto wa kulalia uliochanika. Miti ilikuwa ingali na majani, kwa hiyo ilikuwa ikivunjika chini ya uzito. Msitu mzima ulikuwa unalia kama bunduki. Umeme ulikuwa umekatika. Saa kumi na moja na dakika arobaini simu ya Balser iliita, na kwa dakika moja na nusu, kabla mtandao haujakufa, Madlaina alimweleza yote. Huko juu theluji imefika kifuani. Paa la zizi linalia. Ng'ombe hawajala tangu jana mchana, na nyasi kavu iliyopo ni ya mlo mmoja. Riet ameteguka goti akimvuta ndama kutoka kwenye theluji, hawezi kutembea.

Balser alipiga kengele ya kanisa mwenyewe. Kabla ya saa moja tulikuwa watu zaidi ya sitini uwanjani, wengine na nguo za kulalia chini ya makoti. Helikopta ilikuwa nje ya hesabu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mapaa yetu. Barabara ya msituni ipandayo Salvadra ilikuwa imezibwa na miti iliyoanguka. Balser, nimpe haki yake, alijua la kufanya. Alisema ng'ombe hawezi kuogelea kwenye theluji ya kifuani, lakini anaweza kutembea kwenye mfereji uliokanyagwa. Twende juu kwa skii, watu wengi iwezekanavyo, tupite njia ya zamani ya mgongoni mwa msitu, mbali na mteremko unaoweza kuporomoka. Tukanyage kwenda na tukanyage kurudi, hadi kwenye uwanda wa Plan Grond, ambako theluji ni ya magotini na trekta inaweza kufikisha nyasi. Mwendo wa kilomita nne.

Watu walikimbia kuchukua skii. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumerudi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Balser alifungua mfuko wake wa ngozi. Alizivuta, na gundi ikamfuata kwa nyuzi ndefu, kama jibini iliyoyeyuka, ikamshika vidole, ndevu, mkono wa koti. Mimi nilizitoa zangu kwenye sanduku la basi. Zilikuwa kitu kimoja. Tulizishika wanaume wawili, mmoja huku na mwingine kule, tukavuta kama watu wa mchezo wa kamba. Hatimaye zikaachana, gundi yote upande mmoja na upande wa pili umebaki kitambaa kitupu, na kwenye ile gundi kulikuwa na tiketi ya basi. Mwalimu wa shule zake zilikuwa zimeliwa na nondo. Daktari wa mifugo zake paka alikuwa amezalia juu yake. Tulihesabu watu kumi na wawili wa namna hiyo, na wengine walikuwa wamesimama tu, wakitazamana, kwa sababu wao ngozi zao hazikuwa kwao.

Sijui ni nani aliyelitaja jina la Nesa kwanza. Ninachojua ni kwamba miguu yangu ilikuwa imeshaanza kukimbia kuelekea chini ya kanisa, na nyuma yangu nikisikia kijiji kizima kikipiga kelele kwenye theluji.

Nesa alifungua kabla sijagonga mara ya pili. Alikuwa amevaa viatu vya skii, ana taa ya kichwani na mkebe wa nta mfukoni. Aliniangalia mikono.

"Basi la posta?" akauliza.

"Basi la posta," nikamjibu.

Akageuka kuelekea stooni bila kunikemea. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Sijawahi kuona ugawaji wa haraka namna ile. Alisimama kwenye ngazi za stoo, akaunyoosha mkono juu kwenye waya, akasoma jina na kurusha. Mfuko ulitua mikononi mwa mwenyewe, anaufungua, anavuta wavu, na ngozi inaachana kwa sauti safi, kana kwamba imewekwa jana. Anaibandika, inashika. Uani palisikika shangwe kila mfuko ulipofunguliwa. Jozi arobaini na tatu. Nyingi zilikuwa za watu wa hapa, lakini kumi na kitu zilikuwa za waongoza wageni na watu wa mjini ambao hawakuwepo, na ngozi hukatwa kufuata skii ya mtu. Hapo nikaona kwamba mwanamke huyu alikuwa na skii za bonde zima kichwani mwake.

"Mwalimu, shika za yule daktari wa mjini Chur, ninyi skii zenu ni ndugu. Tumasch, chukua hizi, zitakupungukia kidole nyuma, utavumilia. Balser."

Balser akasogea, gundi ingali kwenye ndevu.

"Hizi ni za mjane wa juu kule, zina maua kwenye mfuko. Ukizilaza kwenye majani makavu nitajua."

Watu walicheka, na Balser akacheka pia, ingawa macho yake yalikuwa mlimani. Saa mbili kasoro robo tulikuwa watu thelathini na sita kwenye mstari mmoja, na Nesa, mwenye miaka sitini na mmoja, alikuwa wa tatu kutoka mbele. Kuna aliyejaribu kumwambia abaki. Nilimsikia akijibu kwamba ngozi zake zinakwenda na yeye anakwenda nazo.

Kwenye ghala la mwisho kabla ya msitu alitusimamisha wote. Alisema theluji hii ni mbichi, ina maji, itaganda kwenye manyoya, kwa hiyo kila mtu ageuze skii na apake nta. Alipitisha mkebe. Balser alisema hatuna muda wa kupaka mafuta kama maharusi, akaendelea peke yake. Tulimkuta baada ya dakika kumi amesimama, kila mguu umebeba bonge la theluji kubwa kama kiti, ameinuka juu kuliko sisi wote, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Nesa alimpita, akamwachia mkebe mkononi.

Kupanda kule sitakusahau. Theluji ilikuwa imefika kiunoni, kisha kifuani. Wa mbele alipasua njia kwa dakika tano, akajitupa pembeni, wa pili akashika. Miti ilivunjika kulia na kushoto. Tulikuwa tumelowa jasho na theluji, midomo imejaa mvuke, na bado kulikuwa na furaha ya ajabu katika ule mstari, watu wanaitana, wanataniana, mwalimu anahesabu hatua kwa sauti. Hakuna ngozi iliyobanduka. Hata moja. Daraja la kijito katikati ya njia tulilikwangua theluji tukalivuka bila kulifikiria.

Saa sita mchana tulisikia ng'ombe kabla ya kuona chochote. Ng'ombe sitini na wanane wenye njaa wakilia pamoja, sauti ile inakuingia mbavuni. Kisha tukasikia Madlaina akipiga ndoo ya maziwa kwa kijiko ili tujue upande wa kuja. Alikuwa juu ya paa la zizi na koleo, peke yake, tangu alfajiri, na alipotuona alikaa chini pale pale kwenye theluji, miguu ikining'inia.

"Shangazi Nesa," alisema alipopata pumzi, "nilidhani mtakuja watano."

Nusu yetu walipanda paani kumpokea. Wengine tuligeuka na kuanza kupanua mfereji: skii bega kwa bega, kwenda na kurudi, kisha tukavua skii tukakanyaga kwa viatu. Riet tulimfunga kwenye sleji, kile kigari cha kuteleza cha kubebea jibini. Alitukana goti lake njia nzima. Saa tisa Balser alifungua mlango wa zizi na kumtoa Stailina, ng'ombe kiongozi, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alinusa mfereji. Alitia mguu mmoja, kisha wa pili. Nyuma yake wote wakaingia, mmoja mmoja, kengele zikilia ndani ya ule ukuta wa theluji, mvuke ukipanda kutoka migongoni mwao. Tulipiga makelele kama watu wa harusini.

Tukafika darajani, na Stailina akasimama.

Daraja lile ni la mbao, hatua nane, na linateremka kuelekea upande wa kijijini. Asubuhi tulikuwa tumeikwangua theluji yake. Mchana maji ya kijito yalilirukia, na kwa kuwa liko kivulini kwenye korongo, lilikuwa limeganda na kuwa kioo. Chini yake ni shimo la mawe. Stailina aliweka kwato moja, ikateleza, akarudi nyuma akitetemeka. Nyuma yake walikuwa sitini na saba kwenye mfereji mwembamba, hawawezi kugeuka, na wa nyuma wanasukuma. Theluji ilikuwa imeanza tena.

Tulijaribu majivu tuliyobeba kutoka jikoni kwa Madlaina. Yaliteleza pamoja na maji. Tulitandika nyasi kavu, Stailina alizila. Balser alijaribu kumvuta kwa pembe, wakakaribia kuanguka wote wawili. Uso wake ulikuwa mweupe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akiongea kwa sauti ndogo. Alisema wakianza kusukumana watakufa kumi.

Nesa alikuwa amesimama kwenye ukingo akilitazama daraja. Kisha akakaa kwenye theluji, akageuza skii zake, na akaanza kubandua ngozi.

"Balser, misumari," akasema.

Balser hatembei bila nyundo ya uzio na mfuko uliojaa misumari. Hata kanisani humlia mfukoni. Alimtazama Nesa, akazitazama zile ngozi, na nadhani wote tulielewa kwa pamoja. Mwanamke aliyewahi kunikemea kwa sababu ya jani moja la msonobari alilaza ngozi yake mwenyewe kwenye ubao wenye barafu, manyoya juu, akaigongelea msumari kichwani, katikati na mkiani.

"Nyingine," alisema. "Leteni nyingine."

Watu walizibandua kwa meno. Tulipeana kwa mkono, yeye na Balser wamepiga magoti darajani, mmoja analaza na mwingine anagonga. Mwalimu alijitosa kusaidia, akaanza safu yake.

"Umegeuza," Nesa akamwambia bila kuinua kichwa. "Manyoya yatazame juu tunakotoka. Kwato inatelezea chini, mwalimu, haitelezei juu."

Jozi kumi na nne ziliishia pale. Daraja lote likawa zulia la rangi kumi, machungwa, bluu, zambarau. Nesa alisimama katikati, akajaribu kwa kiatu, akakisukuma kuelekea chini kwa nguvu zote. Hakikuteleza. Akarudi akamshika Stailina mkanda wa kengele, akaongea naye sikioni. Nilikuwa karibu lakini sikusikia alichosema, na alipoulizwa baadaye alisema hakumbuki, ila hakikuwa kitu cha adabu.

Stailina aliweka kwato. Ilishika. Akaweka ya pili, na mbao zikalia, na ya tatu, na Nesa akirudi kinyumenyume mbele yake hatua kwa hatua. Alipogusa theluji ya ng'ambo alitikisa kichwa, kengele ikalia korongo zima, na wa pili akamfuata bila kuombwa. Tuliwahesabu kwa sauti, watu thelathini na sita kwa pamoja. Tulipofika arobaini, ndama mmoja akapiga magoti katikati ya daraja na Balser akamwinua kwa tumbo kama gunia. Hamsini. Sitini. Tulipofika sitini na wanane, Balser alikaa juu ya jiwe lenye theluji na kulia waziwazi, nyundo ikiwa mkononi, na hakuna aliyemtania.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa Plan Grond, mwanga bado upo. Trekta zilikuwa zimefika na nyasi. Kijijini, jiko la kuni la shule lilikuwa linawaka na sufuria la supu ya shayiri lilikuwa kubwa kiasi cha kuoga ndani yake. Watu walizungumza wote kwa wakati mmoja, kila mtu anamsimulia mwenzake jambo ambalo hata mwenzake alikuwepo likitokea. Nesa alikula mabakuli mawili, akalala ameketi, kijiko mkononi. Ijumaa usiku paa la zizi la Salvadra lilianguka, zizi likiwa tupu.

Jumamosi ng'ombe waliingia kijijini na maua yao kama ilivyopangwa, wakikanyaga theluji iliyokuwa imeanza kuwa matope. Balser alitaka Nesa aongoze mbele pamoja na Stailina. Alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu, na alitembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na kosa, masikio mekundu kabisa. Jumatatu nilikwenda naye darajani na koleo za kung'olea misumari. Kati ya zile jozi kumi na nne alifanikiwa kuokoa tisa. Alizishona, akazifua kutoa samadi kwa maji baridi na brashi laini, akakwangua gundi yote na kupaka upya. Wenyewe wanaringa nazo. Tundu la msumari siku hizi kijijini kwetu ni heshima.

Novemba, watu walimwomba awafundishe. Alisema atakuja jioni moja tu, shuleni, kila mtu alete pasi yake. Tulifika thelathini na mmoja na umeme ukakatika kwa wingi wa pasi. Balser alikuwa amekaa mbele kabisa, miwani puani, anapitisha karatasi ya kaki kwa uangalifu wa mtu anayemfunga mtoto nepi. Nesa alipita nyuma yake akasema tabaka lake ni nene, akwangue aanze tena. Alikwangua akaanza tena. Zangu ilibidi zitupwe, ila tiketi ya basi alinirudishia.

Theluji ya kweli ilipokuja Desemba tulipanda Salvadra kuangalia mbao za zizi jipya. Jua lilikuwa kali, anga bluu mpaka macho yanauma, na kila mtu alikuwa na jozi aliyoitunza mwenyewe. Nesa alitangulia kwa mwendo wake ule ule, wala hakugeuka nyuma. Nilipofika juu nikihema, alikuwa ameshazibandua zake, amezikunja gundi kwa gundi na kuzitia kifuani, amekaa juu ya rundo la mbao anakunywa chai. Akaniuliza kama nimechelewa kwa sababu nilipitia kwanza kituo cha basi.